Pikapu au steshenwagoni: nilinunua gari lenye paa nikamsahau mama mkwe

Wakuu, nawasalimu wote. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika. Wazee wenzangu, tuheshimiane.

Nimeona humu watu wanabishana siku tatu mfululizo: pikapu au SUV kwa mtu anayeishi huku kwetu Geita, Runzewe, Bukombe. Mara cc, mara ground clearance, mara spea zinapatikana wapi. Mmoja kaandika hadi upana wa tairi. Nimesoma yote kimya kimya, nikaona hapana, leo na mimi niandike.

Haya yalinipata mwenyewe. Kwa umri wangu huu nikiwadanganya nitapata nini, likes?

Ni ndefu kidogo. Kama una haraka pita tu, sitakulaumu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita na Iddi Amin vimeisha juzi juzi, sabuni ni ya foleni, sukari ni ya kujuana, petroli ni ya kibali. Mimi nilikuwa fundi magari pale Ushirombo. Gereji yangu ilikuwa mti mmoja, shimo moja na boksi la spana.

Sasa kulikuwa na mradi mmoja wa barabara, wa wageni, umemaliza kazi yake Shinyanga na unauza vitu. Baba yangu mzazi akasikia. Mzee akauza ng'ombe, akaniambia, "Wewe ndiye fundi. Twende ukachague gari."

Tukaenda. Yadi ina vyuma chakavu kila kona, lakini magari mazima yalikuwa mawili tu, yameegeshwa bega kwa bega.

Moja pikapu. Moja steshenwagoni, ambayo leo ninyi mngeiita SUV.

Kampuni moja, injini moja, chesisi ndefu zote mbili, 4x4 zote mbili. Jina la kampuni sitalitaja nisije nikaambiwa natangaza biashara. Nililala chini ya kila moja nikagonga kila chuma. Zilikuwa sawa kabisa. Tofauti ilikuwa juu tu: hii ina kichwa na bodi la wazi nyuma, ile imefungwa yote, paa la bati, viti nyuma, milango mitano.

Mzee alishachagua kabla hata hatujafika. Pikapu. Pamba itapanda, ndama watapanda, mabati yatapanda. Kwake gari la kufungwa lilikuwa gari la maofisa, la kubebea watu wasiofanya kazi.

Na mwenye yadi alituonyesha, nakumbuka vizuri, vyuma vya kufunikia bodi la pikapu na turubai lake, vimekunjwa pembeni. Akasema hivi vinaenda na gari bure. Mimi nikavitazama kama takataka.

Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshaahidi nyumbani.

Hapa naomba mnivumilie. Mke wangu, Mama Masanja, alikuwa mjamzito wa mimba ya tatu. Masanja, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa salama. Wa pili alizaliwa njiani, kwenye gari la ng'ombe, tukiwahisha hospitali, mvua inamwagika, mama yake tumemfunika magunia. Mtoto hakulia. Tulifika hospitali na maiti.

Mke wangu hakuwa mtu wa kuomba vitu. Gauni haombi, viatu haombi. Lakini siku naondoka kwenda Shinyanga alinifuata hadi kwenye shimo langu la gereji akaniambia maneno ambayo hadi leo nayasikia:

"Baba Masanja, sichagui gari. Nataka paa tu. Huyu sitamzaa kwenye mvua."

Basi wakuu, mwanaume akiambiwa hivyo atafanyaje? Nikamgeukia Mzee nikamwambia, steshenwagoni.

Mzee hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alilipa, akapanda, akakaa kimya kutoka Shinyanga. Tulipofika Kagongwa akaniambia nisimame, akashuka kwenda kwa ndugu yake, hata kwaheri hakunipa. Nikaendesha peke yangu hadi Ushirombo na viti vitupu nyuma, najiona mshindi.

Mke wangu alipoliona gari alilizunguka mara mbili. Akalishika paa. Akalia. Nikasema moyoni, Mzee atanisamehe tu.

Sasa kama wewe ni Msukuma, Msumbwa au Mnyamwezi, huenda umeshaliona kosa langu. Mimi sikuliona.

Kwetu mwanamke akikaribia kujifungua mara nyingi anarudi kwa mama yake. Na mama yake Mama Masanja ndiye alikuwa mkunga wa kijiji chao, ndani ndani huko, unaacha barabara ya Runzewe unaingia mbugani. Mwanamke mkavu, mrefu, mikono mikubwa. Watu wa vijiji vinne walipita kwenye mikono ile.

Kwa wasiojua mila, nieleze. Mimi na mama mkwe wangu ni watu wa kuheshimiana, na heshima yenyewe ni kukaa mbalimbali. Hatutazamani usoni. Hatuli pamoja. Hatukai chumba kimoja, hata kwa dakika moja. Akiniona njiani anajifunika kanga na kuingia kichakani, mimi natazama upande mwingine. Salamu ni ya mbali, au tunatuma mtu. Nilikuwa nimemuoa binti yake miaka mitano na sikuwahi kuambiwa neno na yule mama, na hapakuwa na ugomvi wowote. Ndivyo alivyokuwa ananipenda.

Mwezi mmoja kabla ya kujifungua, nilimpeleka mke wangu kwao kwa gari. Nilipopiga honi mama mkwe akakimbilia ndani. Nikamshusha mke wangu, nikageuza, nikaondoka. Nilimwahidi kwamba mambo yakiharibika wamtume mtu, mimi nitakuja, atapanda, mama yake atamshika, tutafika hospitali ya misheni Ushirombo wakiwa wakavu.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. "Mama yako atakushika." Na sikusikia nilichokisema.

Jumapili moja, watu ndiyo wanatoka kanisani, akaingia Bundala. Bundala ni kaka mkubwa wa mke wangu, mtu mzima, mvi zimeanza. Baiskeli yake imejaa tope hadi kwenye usukani, na yeye mwenyewe anatazama chini.

Maumivu yalikuwa yameanza jana yake asubuhi. Mtoto amekaa vibaya. Mama amemkanda mpaka amechoka, na sasa anasema hospitali.

Petroli nilikuwa nayo debe moja pungufu, nimeificha chini ya kitanda kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Nikamimina. Kwa haraka nyingine ikamwagika chini, nikaitukana.

Na ilikuwa Jumapili. Vijana hamjui, enzi zile Jumapili baada ya saa nane mchana gari binafsi halitembei, ni amri, kubana mafuta. Kwa hiyo barabara nzima hakuna gari hata moja la kukusaidia, na ukikutana na kizuizi una kesi. Nikasema kesi tutaijua mbele.

Tukafika kijijini mvua imeshaanza. Wanawake wamejaa uani. Nikabaki kwenye usukani, natazama mbele kama inavyotakiwa. Bundala na wanawake wakamtoa mke wangu wamemkumbatia huku na huku. Akapita mbele ya gari. Wakuu, sikumtambua. Uso wa kijivu, midomo imepasuka.

Wakamuingiza kupitia mlango wa nyuma, wakamlaza kwenye godoro. Akawa anamwita mama yake, "Mayu! Mayu!" Mama yake alikuwa nyuma yake kabisa, amemshika kiuno, ananyanyua mguu ili apande.

Ndipo akaniona. Kisogo changu tu, lakini ndani ya kile kile chumba anachoingia.

Mguu ukarudi chini.

Bundala akasema, "Mama, panda."

"Yaya," akasema. Hapana.

Hapo hapo ndipo nililiona kosa langu lote, kuanzia Shinyanga. Kwenye pikapu mimi ningekuwa kwenye kichwa, mlango wangu nimefunga, na yeye nyuma kwenye bodi na binti yake, chini ya turubai lile nililoliona takataka. Wakavu wote, na kila mtu mahali pake. Fundi mzima na boksi langu la spana, sikuliona.

Msidhani yule mama alikuwa na roho mbaya. Mkono wake bado ulikuwa umemshika binti yake. Lakini ile ni kama kumwambia mtu avue nguo mbele ya kijiji. Na kijiji chote kilikuwa pale uani kinatazama.

Bundala akawaomba wanawake wengine wapande badala yake. Hakuna aliyethubutu. Maana kazi yenyewe haikuwa kukaa tu. Mama mkwe alikuwa anamzuia mke wangu asisukume. Uchungu ukija anamshika tumbo kwa namna anayoijua yeye, anamwambia apumue, apumue, kwa sababu akisukuma na mtoto amekaa vile, mtoto atakwama na wote wawili wanakwenda. Nani atabeba dhamana hiyo ya mtoto wa mkunga?

Mwisho akaamua mwenyewe. Nyuma ya gari kulikuwa na kibao cha kukanyagia na ngazi ya kupandia keria ya mizigo juu ya paa. Akafunga kanga kiunoni, akapanda pale nje, mkono mmoja ameshika ngazi, mwingine ameuingiza kwenye dirisha la pembeni hadi begani, umefika kwa binti yake.

Mama wa watu, umri ule, ananing'inia nje ya gari kwenye mvua, na ndani kuna viti sita vitupu.

Bundala akakaa mbele na mimi. Tukaondoka.

Sijawahi kuendesha hivyo maishani. Kila shimo nalizunguka. Nikienda mbio mama ataanguka, nikienda taratibu mke wangu atakufa. Nyuma nasikia sauti yake tu kupitia dirishani, "Usisukume mwanangu, pumua. Pumua. Bado." Na mvua inapiga lile paa nililolitaka kwa nguvu zote.

Tukaingia mbugani. Mnaojua udongo mweusi wa mbuga mnajua. Ukikauka ni tofali, ukilowa ni gundi. Tukazama hadi ekseli.

Nikashuka na jembe, Bundala akashuka na panga kukata matawi. Nilipoweka tu mguu chini upande wangu, nikasikia mlango wa nyuma unafunguka. Mama ameingia ndani kwa binti yake. Mimi nje, yeye ndani. Nikamaliza kuchimba tairi moja, nataka kuingia nijaribu. Bundala akaita, "Mama, mkweo anaingia." Mlango ukafunguka, akashuka, akarudi kwenye kibao. Nikaingia. Gari likasogea hatua tatu, likazama tena. Nikashuka. Akapanda.

Tulifanya hivyo mara nne. Leo watoto wangu nikiwasimulia wanacheka, na mimi nacheka nao kidogo. Siku ile sikucheka. Siku ile nilikuwa nalia kwa hasira, tope mdomoni, najiuliza hivi mila hii ni ya nani na inamsaidia nani.

Na bado nisingeweza kuivunja mimi. Mila ile haikuwa yangu kuvunja, na kama ningeingia kwa nguvu yeye yupo ndani, angeshuka hata kama ni mtoni.

Mto wenyewe ukafuata.

Ni kijito tu, kiangazi mbuzi wanavuka bila kulowa magoti. Siku ile kilikuwa kimejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanavuma. Gari lingeweza kupita kwa sababu liko juu, hiyo ground clearance yenu. Lakini mtu aliyesimama kwenye kibao cha nyuma, maji yale yangemchukua.

Nikasimamisha gari ukingoni. Nikashuka kwenda kupima kina kwa mti. Mama akaingia ndani kama kawaida.

Niliporudi nikasimama kwenye mlango wangu wazi, natazama mtoni. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mke wangu haiti tena. "Mayu" zake zimekatika. Kelele zote nilizokuwa nazilaani njia nzima hazipo.

Nikaogopa. Nikashika mlango.

Nikasema, na nilikuwa nazungumza na mto, sikugeuka: "Mama, nisamehe. Maji ni mengi. Naomba kuingia."

Bundala upande wa pili amesimama, naye anatazama mtoni. Mvua inanyesha tu. Sijui ni muda gani. Mimi nilihisi mchana mzima.

Kisha nikasikia sauti ambayo katika miaka mitano haikuwahi kuniambia neno.

"Ingia."

Nikaingia. Na mbele yangu pale juu, kioo cha kutazama nyuma, na ndani ya kioo nguo nyeupe, na mkono. Nikafumba macho. Nikakishika kioo kwa mkono mzima nikaking'oa na kibanio chake, nikakitupa nje kwenye tope. Nikamsikia akivuta pumzi. Nadhani alinielewa.

Bundala akaingia. Nikatia gia nzito, tukaingia majini. Maji yakapanda, yakapita chini ya milango, yakalowesha miguu. Gari likayumba kuelekea chini ya mto. Nilishika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Likapanda ukingo wa pili likiunguruma.

Tukaishika barabara kubwa. Sasa ilibaki kwenda tu.

Wakuu, mnaweza kudhani tope na mto ndivyo vilikuwa vigumu. Hapana. Kigumu ni ile safari iliyobaki. Nyuma yangu mke wangu yuko kimya na siwezi kugeuka. Siwezi kuuliza, maana nimuulize nani? Bundala naye ni kaka, hawezi kumtazama dada yake katika hali ile. Wanaume wawili wazima tumekaza shingo tunatazama barabara, na nyuma ya migongo yetu hatujui kama tumebeba mgonjwa au maiti. Mimi nilishabeba maiti njia hiyo hiyo.

Nilianza kuomba. Sala zikanichanganyika, nikawa narudia mstari mmoja tu.

Ndipo mama mkwe akasema, polepole, kama mtu anayejisemea:

"Anapumua."

Hakuniambia mimi. Hakumwambia mtu yeyote. Alilisema tu neno, likabaki pale ndani ya gari.

Tukaenda. Baada ya muda tena, "Anapumua."

Akawa anasema hivyo njia nzima. Nikipita kijiji, "Anapumua." Nikikwepa shimo, "Anapumua." Nikawa nayasubiri maneno yale kuliko hewa yangu mwenyewe. Mara moja alichelewa. Nikahesabu miti ya pembeni, nikahesabu tena, neno haliji. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari linaruka, sijali tena mashimo.

"Anapumua. Punguza mwendo, utamuua."

Hiyo ya pili aliniambia mimi. Nikapunguza.

Kwenye kuingia mjini kulikuwa na kizuizi na mgambo amejikunyata chini ya gunia. Akaja na maneno yake ya Jumapili. Akachungulia nyuma. Akarudi mbio akanyanyua mti wa kizuizi. Popote alipo, Mungu amjalie.

Hospitali manesi walimpokea, wakamkimbiza ndani. Mama akaingia nao. Mimi nikabaki kwenye gari, siwezi hata kufungua mlango. Bundala ndiye aliyekuja kuniambia, jua likizama. Wamempasua. Mtoto wa kike, mkubwa, analia. Mama yake yupo hai.

Nililia kama mtoto mdogo na sioni aibu kuwaandikia.

Ningeishia hapa mngenipongeza. Lakini sijafika kwenye sababu ya kuandika uzi huu.

Mama mkwe alikaa na binti yake pale wodini siku tano. Kila nikiingia, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. Tukarudi kwenye heshima yetu kama vile lile neno "ingia" halikuwahi kutamkwa. Mimi nikafikiri yamekwisha. Siku ya sita nikaosha gari, nikatafuta petroli kwa shida, nikamtuma Bundala akamwambie mama kwamba nitamrudisha kwake, nikaongeza kwamba Bundala atatundika shuka katikati.

Bundala akarudi ameinamisha kichwa. Mama ameshaondoka tangu alfajiri. Kwa miguu.

Kumbe waliotuona tukipita walishafikisha habari kijijini kabla yake, na maneno yamemrudia hadi wodini. Wanawake wamesema kwenye kisima kwamba mkunga alijifungia chumba kimoja na mkwewe, binti yake akiwa uchi katikati yao. Wengine walisema kwa kumhurumia, wengine kwa kicheko, lakini wamesema. Binti yake alimwomba asubiri angalau gari la watu wengine. Akajibu kwamba kwa gari atasafiri mara moja tu maishani na ameshasafiri.

Nikawasha. Nikamkuta njiani kuelekea Runzewe, mbali kweli, kanga kichwani, ndala mkononi kwa sababu ya tope. Aliposikia injini akatoka barabarani, akajifunika, akasubiri nipite.

Sikupita. Ningepitaje? Nikasimama mbali. Naye akaendelea kutembea. Basi nikawa namfuata, gia ya kwanza, taratibu, nimemwachia nafasi ya heshima. Yeye mbele kwa miguu, mimi nyuma na viti vyangu vyote vitupu. Waliokuwa mashambani walisimama kutazama. Nilitamani ardhi inimeze lakini sikuweza kumwacha peke yake.

Petroli ikaisha. Gari likakohoa, likazima.

Aliposikia kimya, akasimama. Hakugeuka. Alisimama pale kama mtu anayesikiliza, muda mrefu kidogo. Halafu akaanza tena kutembea, mpaka kona ikamficha.

Baadaye nilipeleka mbuzi, wazee wakakaa, mambo ya mila yakasafishwa, akapokea. Hakuwa na kinyongo. Lakini alimtuma mke wangu aje na ujumbe mmoja kwangu, na mke wangu aliuleta akiwa amemshika mtoto, akausema akinitazama usoni:

"Mama anasema, gari lako lina milango mitano, na hukukumbuka mlango wake."

Gari nililiuza mwaka ule ule, nikatafuta pikapu yenye turubai. Mzee akasema, "Sasa ndiyo gari," akaenda kuipakia pamba.

Wakuu, somo langu ni hili na halina cc ndani yake. Pikapu si bora kuliko SUV na SUV si bora kuliko pikapu. Nilipochagua gari nilimsikiliza baba yangu, nikamsikiliza mke wangu, nikasikiliza injini. Mtu mmoja tu sikumuuliza atakaa wapi, na ndiye aliyeokoa watu wangu wawili kisha akarudi kwake kwa miguu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, usituandikie kwanza hela uliyonayo. Tuandikie hapa chini unaishi na nani, nani anaheshimiana na nani, na siku ya dharura nani lazima aingie. Hapo ndipo wazee wa jukwaa tutakushauri. Na kama kuna mwenye mila za kwao zilizowahi kumkwamisha barabarani kama mimi, alete, uwanja ni wenu. Wa kunicheka pia karibuni, nimeshazoea.